Kulala wadini: mwongozo wa kupiga kambi ukingoni mwa maji, Ibra, Sur na Nizwa

Kila ifikapo Novemba, joto likianza kupungua, swali ni lile lile katika kila kundi la simu la familia: safari hii tunalala wapi? Wako wanaotaka ramla, wako wanaotaka bahari, lakini watoto hutaka kitu kimoja tu, maji ya kuchezea. Na maji matamu yanayotiririka, katika nchi kavu kama Oman, utayakuta wadini.

Makala haya ni kwa familia zetu za Muscat, Dubai, Abu Dhabi, Doha na kwengineko zinazopanga kulala nje katika Sharqiyah au Dakhiliyah. Nimeyakusanya kutokana na safari za miaka mingi. Lakini nitaanza na usiku mmoja, kwa sababu usiku ule ndio ulionifundisha mengi ya haya yanayofuata.

Ilikuwa mwezi wa Machi. Tulikuwa gari mbili, watu wazima watano na watoto wanne, katika wadi moja ya upande wa Ibra. Pahala pa hema nilipachagua mimi: changarawe nyeupe iliyolala sawa kama imepigwa fagio, kidimbwi cha maji safi hatua chache pembeni, na kivuli cha jabali tangu saa kumi alasiri. Tulikuwa tumeshatandika mikeka na kuwasha jiko pale mzee mmoja aliposimama juu barabarani na bakora yake. Alitusikia tukiwaita watoto.

"Nyinyi Waswahili! Hapo ndipo mnapolala?"

"Shikamoo babu," nikamwambia. "Ndiyo, hapa."

"Marahaba. Basi ondokeni, mwanangu. Hapo si pa kulala, hapo ni njia ya maji. Na maji ya huku hayapigi hodi."

Mume wangu akatazama juu. Mbingu yote buluu. Mzee akanyoosha bakora kuelekea majabali ya mbali, ambako kulikuwa na wingu moja jeusi, dogo, limekaa juu ya kilele. Hakusema zaidi. Alisimama pale pale mpaka akatuona tunang'oa vigingi.

Tulihamia juu, karibu na nyumba za kale za udongo, pahala penye mawe na pasipo na uzuri wowote. Watoto walinuna. Isha ikapita, hakuna kitu. Mume wangu akalala akilalamika mgongo. Kiasi cha saa nane za usiku nikasikia mvumo kama lori linamwaga kokoto, lakini haumalizi kumwaga. Tulipowasha kurunzi, pale palipokuwa na mikeka yetu palikuwa na maji ya rangi ya matope, yanapita kwa kasi na kubeba magogo. Jiko tulilolisahau hatukuliona tena. Juu yetu halikuanguka tone moja la mvua usiku kucha.

## Wadi si mto

Wengi wetu tumelelewa na hadithi za mito ya Afrika Mashariki. Mama yangu alikulia Korogwe, karibu na Mto Pangani, na onyo lake kwetu lilikuwa moja: ukifika mtoni, mwogope mamba. Mto mkubwa wa aina ile una maji mwaka mzima, na mara nyingi hupanda kwa siku kadhaa. Watu huona maji yanakuja, wakahama.

Oman hakuna mamba wala kiboko, na kwa hiyo mgeni hujiona yuko salama. Wadi hatari yake ni nyengine. Sehemu kubwa ya mwaka ni mkondo mkavu, au wenye vidimbwi na kijito chembamba. Mvua inaponyesha katika milima ya Hajar, inaangukia majabali matupu yenye udongo haba na miti michache. Maji hayana pa kuzama. Huteremka mara moja, kila bonde dogo likamwagia kubwa, na yote yakakutana katika mkondo mmoja. Ndiyo maana wadi inaweza kuja juu yako kutoka mvua iliyonyesha mbali sana, chini ya mbingu safi. Wenyewe husema "wadi imeshuka", na kweli hushuka.

Nchi hii imeshaona mengi. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kiliua watu wapatao 50 nchini Oman na kuharibu vibaya barabara na vijiji vya mwambao kati ya Muscat na Sur. Baadaye zikaja Phet mwaka 2010 na Shaheen mwaka 2021. Lakini msiba ambao watu wa Sharqiyah hawatausahau haukuhitaji kimbunga chenye jina. Tarehe 14 Aprili 2024, katika Samad ash-Shan, wilaya ya Al Mudhaibi, mafuriko ya wadi yalilisomba gari lililokuwa na wanafunzi. Watoto wa skuli walikuwa miongoni mwa waliofariki nchini siku zile. Mwenyezi Mungu awarehemu, awape subira wazazi wao.

Nataja haya kwa kuwa watu huhesabu mafuriko kuwa ni jambo la kitaifa, la kwenye habari. Kwa aliyepiga hema wadini, mvua ndogo ya alasiri moja juu ya kilele kimoja inatosha.

## Soma kijiji kabla ya kupiga hema

Asubuhi ile baada ya maji kupungua nilimuuliza mzee alijuaje. Akacheka. Akanionyesha kijiji chao: mitende iko chini, karibu na mkondo, nyuma ya kuta za mawe; nyumba za kale ziko juu, zimeng'ang'ania jabali. "Mtende ukipigwa na maji husimama," akasema. "Mtu hasimami."

Tangu siku ile nimelitazama jambo hili katika kila kijiji. Nendeni Wadi Bani Khalid, nendeni Tiwi, pandeni Misfat al Abriyyin juu ya Al Hamra, mtaona mpangilio ule ule: bustani chini, nyumba juu. Sababu ni mbili. Ardhi yenye rutuba ni kidogo, haijengwi nyumba juu yake. Na waliojenga waliijua wadi vizazi kwa vizazi. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: hema lako lisiwe chini ya nyumba kongwe za kijiji. Kama hakuna kijiji karibu, tafuta alama hizi:

- Takataka kwenye matawi. Nyasi kavu, vijiti na mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye mikunazi na migunga ni alama ya pale maji yalipofika mara ya mwisho. Ikiwa imenasa juu ya kichwa chako, umesimama ndani ya wadi.
- Changarawe safi iliyolala sawa. Pahala pazuri kabisa pa kutandika mkeka ndipo palipotandikwa na mafuriko. Ulaini wake ndio onyo lenyewe.
- Mstari kwenye jabali. Mara nyingi jiwe huwa na rangi moja chini na nyengine juu. Mpaka wa rangi ni mpaka wa maji.
- Miti. Mti mkubwa ulionyooka na wenye udongo kwenye mizizi yake uko pahala palipotulia. Mti ulioinamia upande mmoja, mizizi nje, umesukumwa.
- Njia ya kutokea. Jiulize: usiku, bila gari, nikiwa na mtoto mikononi, napanda wapi? Kama pande zote mbili ni ukuta wa jabali, hapo ni pa kupita mchana tu.

Angalia pia barabara uliyoingilia. Hema likiwa juu lakini barabara ikavuka mkondo mara tatu, unaweza kuwa salama na bado ukafungiwa siku nzima. Ndiyo sababu ya kubeba chakula na maji ya siku moja zaidi.

## Pa kwenda

Ibra, Bidiya na ukingo wa ramla. Ibra ni chini ya saa mbili na nusu kwa gari kutoka Muscat, na kwa wengi wetu jina lake limo katika hadithi za mababu waliokwenda Unguja na bara. Ukifika siku ya Jumatano asubuhi, iko souq ya wanawake, maarufu tangu zamani. Wanaume hawaingii kiholela. Mbele kidogo, kutoka Al Mintarib na Al Wasil, huanza ramla za Sharqiyah, ambazo wengi bado huziita ramla za Wahiba: kiasi cha kilomita 180 kaskazini hadi kusini na 80 mashariki hadi magharibi. Kaskazini mwa ramla hupita Wadi al Batha. Usiku wa kiangazi cha baridi, yaani Desemba na Januari, ukingo huu ni mzuri kwa familia zenye watoto wadogo: unalala kwenye mchanga ulioinuka mbali na mkondo, na asubuhi unaendesha kwenda kwenye maji. Ziko pia kambi za kulipia zenye vyoo na mahema tayari, kwa wasiotaka kubeba kila kitu.

Wadi Bani Khalid. Iko Sharqiyah Kaskazini, na huingiliwa kutoka barabara kuu ya Ibra–Sur kwa njia ya lami inayopanda na kushuka mlimani. Sifa yake ni maji yasiyokauka. Vidimbwi vya Muqal vina maji ya kijani, na samaki wadogo wanaodonoa miguu, furaha ya watoto wote. Juu zaidi liko pango la Muqal. Siku za mapumziko hujaa watu; fika asubuhi mapema, toka kabla ya adhuhuri. Mimi sipendekezi kulala ndani ya korongo. Fanya maji kuwa ya mchana, usingizi uwe nje.

Tiwi, Wadi Shab na njia ya Sur. Katika barabara ya mwambao baina ya Qurayyat na Sur, wadi mbili ziko jirani. Wadi Shab huingiwa kwa boti fupi ya kuvusha, kisha kwa miguu katikati ya majabali, mpaka kwenye vidimbwi vya kuogelea na pango lenye maporomoko ya maji. Ni matembezi ya mchana kwa wanaojua kuogelea. Gari haliingii, na usiku si pahala pa mtu. Wadi Tiwi ina barabara nyembamba yenye miinuko mikali inayopita vijiji na mashamba ya mitende na migomba. Hapo nenda na dereva mtulivu, na uwape njia wenye kijiji.

Wengi hulala ufukweni, upande wa Fins. Ni vizuri, ila kumbuka kuwa ufukwe mara nyingi ndiyo mdomo wa wadi. Tazama juu barabarani: ukiona daraja au njia za maji chini ya barabara, zinamwagia wapi? Ukifika Sur, wapeleke watoto kuliona Fath al Khair, jahazi lililoundwa hapo mwaka 1951. Wakishaona ukubwa wake, hadithi za safari za kaskazi kwenda Zanzibar huwaingia vyema zaidi kuliko kitabuni.

Nizwa na Dakhiliyah. Nizwa ni mwendo wa kama saa mbili kutoka Muscat. Wanaotoka Al Ain hupitia Ibri. Ijumaa asubuhi liko soko la mifugo, kisha mtu akaelekea Tanuf, ambako kwenye mdomo wa wadi yako magofu ya mji wa kale uliopigwa mabomu katika vita vya Jabal Akhdhar miaka ya 1950, na falaj inayopita kwenye ubavu wa jabali. Upande wa pili iko Birkat al Mauz. Jina lake linatuchekesha sisi tunaojua migomba: mauz ni ndizi, na migomba ipo kweli. Hapo ndipo pa kuingilia Wadi al Muaydin na barabara ya kupanda Jabal Akhdhar, ambapo kituo cha polisi huruhusu tu magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Wadi al Muaydin hupokea maji ya mlima mzima. Usipige hema mdomoni mwake hata kama pamekauka. Kule juu hewa ni baridi sana wakati wa Desemba na Januari, hasa usiku, kwa hiyo watoto wanataka sweta na blanketi za kweli, si shuka.

## Majira

Msimu wetu ni kuanzia Novemba hadi mwanzo wa Machi. Kiangazi, bara ya Oman hupita nyuzi 45, na kulala nje na watoto au wazee ni kuwatesa. Lakini kila msimu una mvua yake. Miezi ya baridi huleta mawingu kutoka kaskazini magharibi, yanayoonekana mapema katika utabiri. Machi na Aprili huleta mvua kali za ghafla. Kiangazi, mawingu hujengeka mchana juu ya Hajar na kumwaga alasiri. Na vimbunga vya Bahari ya Arabuni hupendelea vipindi viwili: Mei na Juni, kisha Septemba hadi Novemba.

Kabla ya kuondoka, na tena kila asubuhi ukiwa na mtandao, soma tahadhari za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Oman, ambayo ndiyo inayotoa utabiri wa hali ya hewa. Usitazame utabiri wa pahala unapolala tu. Tazama wa milima inayomwagia wadi yako. Ikitolewa tahadhari ya mvua, ahirisha. Biriyani italiwa nyumbani, na wadi itakuwepo wiki ijayo.

## Vya kubeba

Kila familia ina orodha yake. Hivi ndivyo nisivyoviacha mimi:

- Maji ya kunywa, lita tano kwa kila mtu kwa siku, na siku moja ya ziada.
- Kurunzi kwa kila mtu, mtoto na mkubwa, na betri ya kuchajia simu.
- Firimbi shingoni mwa kila mtoto. Sauti ya mtoto hupotea baina ya majabali, firimbi haipotei.
- Jaketi la kuokolea kwa asiyejua kuogelea, si boya la kupuliza la duka la vitu vya kuchezea.
- Tairi la akiba lenye upepo, jeki, kamba ya kuvutia gari, koleo, na pampu ikiwa unaingia mchangani. Kwenye ramla, matairi hupunguzwa upepo mpaka kiasi cha 15 hadi 18, kisha hujazwa tena kabla ya lami.
- Sanduku la huduma ya kwanza, na dawa za wazee zinazotosha.
- Viatu vilivyofunika vidole. Nge na nyoka wapo. Kung'uta viatu asubuhi kabla ya kuvaa ni kazi ya kila mtu.
- Mifuko ya taka. Ulichokuja nacho, rudi nacho.

Kuni nunua sokoni njiani. Miti ya jangwani, mighafu na migunga, hukua polepole mno na hairuhusiwi kukatwa. Moto uuwashe kwenye sahani ya chuma au jiko, mbali na mitende, na uuzime kwa maji. Na neno moja kubwa kwa usiku wa baridi: jiko la makaa lisiingizwe ndani ya hema, wala garini, hata kwa dakika kumi za kuota moto. Hewa yake haina harufu, huua watu usingizini. Ongeza blanketi.

Wanaotoka Imarati wahakikishe bima ya gari inafika Oman. Na kila msafara umwache mtu mmoja mjini anayejua jina la wadi, saa ya kurudi na nambari za magari, kwani ndani ya makorongo mengi simu hazishiki.

## Watoto na maji

Wengi wanaozama wadini hawakuchukuliwa na mafuriko. Walizama mchana, mbele ya watu, katika kidimbwi kilichotulia. Maji ya kijani huficha kina: hatua moja ni magoti, ya pili ni kichwa. Mawe yana utelezi. Anayeruka kutoka juu hajui kilicho chini.

Sisi tuna utaratibu wa zamu. Mtu mzima mmoja, asiyeshika simu wala mshikaki, hukaa ukingoni na kazi yake ni kuwahesabu watoto. Baada ya nusu saa hupokewa na mwengine, kwa maneno: "Zamu yangu, wako sita." Watoto wakubwa wasiachiwe wadogo, ni kuwabebesha mzigo usio wao. Asiyejua kuogelea hata akiwa baba wa miraba minne asiingie panapomfika kifuani, na aliye majini akizidiwa, mrushieni kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko kabla ya mtu kujitosa.

## Adabu ya falaj na ya kijiji

Maji ya wadi mengi yana wenyewe. Hugawanywa kwa falaj, na falaj bado ni uhai wa vijiji: zaidi ya 3,000 zinafanya kazi Oman, na tano ziliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nne kati ya hizo ziko katika mikoa yetu hii: Falaj Daris ya Nizwa, Al Khatmeen ya Birkat al Mauz, Al Malki ya Izki na Al Jeela ya upande wa Sur. Kila mwenye shamba ana zamu yake, ambayo tangu zamani hupimwa kwa athar, kiasi cha nusu saa, mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota.

Kwa hiyo ukiuziba mfereji kwa jiwe ili watoto wapate bwawa, umemkata mtu zamu yake. Ukiosha sufuria kwa sabuni, walio chini watakunywa na kutawadha kwa uchafu wako. Chota kwa ndoo, osha mbali, mwaga kwenye changarawe. Vaa nguo za heshima majini, wanaume kwa wanawake. Maeneo mengi yana vibao vinavyosema hivyo. Usipite katika mashamba bila ruhusa, na usipige picha za watu wa kijiji, hasa wanawake. Muziki uzimwe mapema.

Na muhimu kuliko yote: ukifika, msalimie mtu wa pale na umuulize pa kulala. Katika vijiji vya Sharqiyah usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili, tena kile kizuri cha zamani. Wako wazee waliozaliwa Unguja, Pemba, Tabora au Bujumbura, na hufurahi kuulizwa. Wanakijua ambacho ramani ya simu haikijui.

## Maji yakianza kuja

Dalili ni hizi: maji yaliyokuwa safi yanageuka rangi, vijiti na majani yanaanza kuelea, kijito kinaongeza sauti, upepo wa baridi wenye harufu ya udongo unateremka bondeni, mvumo wa mbali usiokatika. Ukiona mojawapo, usisubiri ya pili.

Wachukue watu, acha vitu. Panda juu ya ubavu wa wadi, si kando ya mkondo kuelekea chini. Hema, jiko, hata gari, viache. Hesabu vichwa mkiwa juu. Msirudi chini mpaka kupambazuke. Wimbi la pili linaweza kuja baada ya la kwanza, kutoka bonde jengine.

Na usivuke. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huelea gari dogo, na 60 huchukua karibu kila gari, hata hilo kubwa unaloliamini. Kuvuka wadi inayopita maji ni kosa kwa sheria ya barabarani ya Oman, na adhabu yake ni kali, lakini hiyo ndiyo sababu ndogo. Zima gari upande wako, subiri. Mara nyingi wadi hupungua kwa saa chache.

Nambari ya dharura ya Oman ni 9999. Ifundishe kwa watoto kabla ya safari, pamoja na jina la wadi mnayokwenda.

Mwaka uliofuata tulirudi kwa yule mzee na haluwa ya kopo kubwa. Alikuwa barazani kwake. Hakuuliza habari za mji wala za safari kwanza. Aliuliza, "Safari hii mmelala wapi?" Mwanangu mdogo akamwonyesha kwa kidole, juu, kwenye mawe. Mzee akatazama, akatazama tena, ndipo akatukaribisha kahawa.